NZI HAUGUI KWA UCHAFU, LAKINI MTOTO WAKO ATAUGUA



Wazee wetu walisema: nzi kufia juu ya kidonda si haramu. Lakini hebu mwangalie nzi mwenyewe. Je, umepata kuona nzi aliyeugua kwa sababu ametua juu ya kidonda? Je, umepata kuona nzi aliyeugua kwa sababu amekula kinyesi chooni? Hatuoni jambo hilo. Nzi huingia chooni akatoka mzima. Huenda jalalani akatoka mzima. Kisha huja jikoni na kutua juu ya uji wa mtoto.

Mtoto hunywa uji ule. Baada ya siku moja au mbili, mtoto anaharisha. Nzi mzima, mtoto mgonjwa. Kwa nini iwe hivyo?

Watu wengine husema, "Nzi hana madhara. Kama uchafu ungekuwa na sumu, yeye angekufa kwanza." Maneno haya si kweli. Leo tutajifunza jinsi mwili wa nzi unavyopigana na vijidudu. Tukilielewa jambo hili, tutaelewa pia kwa nini hatuna budi kufunika chakula na kutumia choo.

BAKTERIA NI NINI?

Bakteria ni vijidudu vidogo sana. Huwezi kuwaona kwa macho matupu. Ukiwapanga bakteria 500 hadi 1,000 katika mstari mmoja, mstari huo utakuwa na urefu wa milimita moja tu.

Si bakteria wote walio wabaya. Wengine huishi ndani ya matumbo yetu bila kutudhuru. Wengine hugandisha maziwa. Lakini wako wanaoleta maradhi, kama vile kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu. Hao hutoka katika kinyesi cha mtu mgonjwa na kuingia katika kinywa cha mtu mzima wa afya.

Nzi hukutana na bakteria tangu siku ya kwanza ya maisha yake. Mama yake hutaga mayai kwenye samadi, kinyesi au takataka zinazooza. Mayai hayo huanguliwa chini ya siku moja. Funza wanaotoka hula na kulala humo humo kwenye uozo. Kama mwili wa nzi haungekuwa na ulinzi, nzi wote wangekufa wakiwa funza.

DAMU YA NZI

Ukimponda nzi, pengine utaona wekundu kidogo. Usidhani kwamba ile ni damu yake. Ile ni rangi ya macho yake. Damu ya nzi si nyekundu. Ni kama maji.

Kwa nini si nyekundu? Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ina chembe nyekundu zinazobeba hewa kutoka mapafuni. Nzi hana mapafu. Ana vitundu vidogo ubavuni. Hewa huingia humo na kupita katika mirija midogo mpaka kila mahali mwilini. Kwa hiyo damu yake haina kazi kubwa ya kubeba hewa.

Tena, damu ya nzi haipiti katika mishipa mingi kama yetu. Ana mshipa mmoja mrefu mgongoni, ambao ndio moyo wake. Moyo huo husukuma damu, nayo humwagika na kuzunguka wazi ndani ya mwili. Fikiria chungu cha mchuzi. Nyama imo ndani na mchuzi umeizunguka pande zote. Ndivyo damu inavyozunguka utumbo na viungo vingine vya nzi.

Ndani ya damu hiyo wamo askari.

ASKARI WANAOMEZA BAKTERIA

Askari hao ni chembe ndogo zilizo hai. Nasi tunazo chembe za namna hiyo. Huitwa chembe nyeupe za damu. Askari wa nzi ni jamaa wa kazi wa chembe zetu nyeupe. Baadhi yao huelea katika damu. Wengine wamenata kwenye kuta za ndani za mwili, wakingoja kama walinzi langoni.

Sasa tuseme nzi amechomwa na mwiba. Gamba lake gumu limetoboka. Bakteria wanaingia ndani. Mambo gani yatatokea?

Kwanza, askari humtambua adui. Bakteria wana ganda lililotengenezwa kwa kitu ambacho mwili wa nzi hautengenezi. Bakteria ni kama mgeni aliyeingia kijijini usiku amevaa sare ambayo hakuna mwanakijiji aliye nayo. Askari wakiligusa ganda lile, wanajua mara moja kwamba huyu si mwenzetu.

Pili, askari humkamata adui. Chembe haina mikono. Lakini mwili wake ni laini, nao hurefuka na kumzunguka bakteria pande zote. Ni kama vidole vyako vinavyofumba tonge la ugali. Bakteria hujikuta amefungwa ndani ya kifuko, na kifuko kimo ndani ya askari.

Tatu, askari humyeyusha adui. Humwaga maji makali ndani ya kile kifuko. Bakteria hufa na kusagika kama chakula tumboni.

Kazi hii hufanyika upesi. Wataalamu waliwachunguza mbawakawa wadogo wanaokaa kwenye unga. Waliwadunga bakteria, kisha wakahesabu. Katika muda wa saa moja tu, karibu bakteria wote walikuwa wamekwisha kuuawa.

BAKTERIA WAKIWA WENGI

Mara nyingine bakteria huingia wengi mno. Askari mmoja mmoja hawezi kuwameza wote. Hapo askari hufanya kazi ya ujamaa. Huwazunguka bakteria kwa pamoja, wakashikamana na kuwa donge moja. Bakteria hubaki katikati, hawana pa kutokea.

Kisha donge lile hugeuka jeusi. Rangi hiyo nyeusi ni jamaa ya rangi iliyomo katika ngozi na nywele zetu. Inapotengenezwa, hutoa pia sumu inayoua bakteria. Hata tundu la mwiba huzibwa kwa namna hiyo. Damu huganda, kidonda huwa cheusi, na mlango hufungwa.

Sumu hiyo ni kali hata kwa nzi mwenyewe. Kwa hiyo mwili wake hauimwagi ovyo. Huitumia pale penye donge au kidonda tu, kama vile mkulima mwenye busara anavyochoma majani huku akiulinda moto usifike shambani kwa jirani.

DAWA YA MWILINI

Askari wakiwa kazini, mwili hupiga kengele. Kengele hiyo huamsha mafuta yaliyomo mwilini mwa nzi. Mafuta hayo si akiba ya chakula tu. Hufanya kazi nyingi kama ini letu. Baada ya saa chache, huanza kutengeneza dawa na kuimwaga katika damu. Dawa hiyo hutoboa ganda la bakteria, nao hufa. Hudumu mwilini kwa siku kadhaa, na huwamaliza wale wachache waliowaponyoka askari.

Basi tunaona kwamba nzi ana ulinzi wa ngazi tatu. Kuna gamba gumu la nje. Kuna askari wa damu. Kuna dawa inayofuata baadaye.

MAMBO HAYA YALIJULIKANAJE?

Mwaka 1882 mtaalamu mmoja wa wanyama, Élie Metchnikoff, alikuwa akikaa Messina, nchini Italia. Alichukua watoto wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Watoto hao ni wadogo, na mwili wao hupenya mwanga kama kioo. Aliwachoma kwa miiba ya waridi, akaenda kulala. Asubuhi aliona kwamba chembe nyingi zimeuzunguka mwiba. Kutokana na jambo hilo aligundua kwamba wanyama wana chembe zinazomeza vitu vigeni. Mwaka 1908 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Mwaka 1981, Hans Boman na wenzake wa Sweden walitangaza kwamba wameipata ile dawa ya mwilini katika nondo mmoja mkubwa.

Mwaka 1996, Jules Hoffmann na wenzake wa Ufaransa waliwachunguza nzi wadogo wa matunda. Hawa ni wale wanaozunguka ndizi mbivu na chombo cha pombe. Walitumia nzi waliozaliwa na kengele mbovu ya mwilini. Nzi hao walipoingiliwa na kuvu walikufa, lakini nzi wenye kengele nzima wengi walipona. Baadaye ilionekana kwamba hata mwili wa binadamu una kengele za namna hiyo. Mwaka 2011 Hoffmann naye alipata tuzo ya Nobel pamoja na wataalamu wengine wawili.

Na vipi nzi wetu wa nyumbani? Mwaka 2014 wataalamu walitangaza kwamba wamesoma urithi wote wa mwili wake. Waliona kwamba nzi wa nyumbani ana vifaa vingi vya ulinzi kuliko yule nzi mdogo wa matunda. Hilo si ajabu. Anayeishi jalalani yampasa awe na ngao nene.

ASKARI WA NZI HAWATULINDI SISI

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa la somo la leo. Soma sehemu hii polepole. Ikiwezekana, isome mara mbili.

Askari wa nzi wamo ndani ya damu yake. Hawako miguuni. Hawako kwenye manyoya yake. Hawako kwenye ulimi wake. Nzi akikanyaga kinyesi, bakteria hunata kwenye miguu na manyoya. Bakteria hao hawamwumizi nzi, kwa maana wako nje ya gamba. Lakini nao hawauawi na askari wake. Hupanda tu kama abiria juu ya basi. Nzi akitua juu ya chakula, abiria hushuka.

Na bakteria anaowameza je? Utumbo wa nzi ni kama barabara iliyojengewa ua pande zote mbili, ikapita katikati ya kijiji. Msafiri apitaye barabarani hajaingia kijijini. Bakteria wengi hufa humo njiani. Lakini baadhi huwa hai kwa saa nyingi, hata kwa siku kadhaa. Nao hutokea wapi? Nzi hana meno. Akitaka kula sukari au andazi, hutapika tone la maji ili kukilainisha chakula, kisha hukifyonza. Tena hunya mara kwa mara, mara nyingi pale pale anapokula. Vidoa vidogo unavyoviona kwenye ukuta na kwenye sahani ni matapishi na kinyesi cha nzi. Bakteria hai wamo humo.

Kwa hiyo ulinzi wa nzi ni hasara kwetu. Nzi angekuwa anakufa kwa uchafu, angekufa chooni. Kwa kuwa haugui, anafika mezani.

Pengine utauliza, "Nasi tuna askari. Mbona wao hawatuokoi?" Askari wetu hutuokoa kila siku. Lakini bakteria wa kuhara damu wamezoea kuishi katika mwili wa binadamu, nao wana hila. Askari wetu akimmeza bakteria wa namna hiyo, bakteria huweza kumwua askari huyo kutoka ndani. Bakteria 10 hadi 100 tu wanatosha kumwuguza mtu. Idadi hiyo ni ndogo sana. Miguu ya nzi yaweza kuibeba. Na mtoto mdogo huumia zaidi, kwa sababu maji ya mwili wake hupungua upesi.

TUFANYE NINI?

Hatuwezi kumgeuza nzi. Lakini twaweza kuikata njia yake kati ya choo na chakula. Ushahidi upo. Mwaka 1999 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyofanywa katika vijiji vya Gambia. Vijiji vingine vilipuliziwa dawa ya kuua nzi kwa miezi 3, vingine havikupuliziwa. Palipopuliziwa, kuhara kwa watoto kulipungua kwa karibu robo. Ugonjwa wa macho wa vikope, yaani trakoma, ambao nao huenezwa na nzi, ulipungua kwa robo tatu.

Lakini dawa peke yake haitoshi. Nzi huizoea, na fedha za kuinunua huisha. Yafaa tufanye mambo haya:

1. Kila nyumba iwe na choo. Choo cha shimo kiwe na mfuniko, nao ufunikwe kila baada ya matumizi.

2. Ukiweza, weka bomba la hewa kwenye choo, na juu yake funga wavu wa waya. Ndani ya choo pawe na kiza. Nzi aliye shimoni hufuata mwanga. Hupanda katika bomba, akazuiwa na wavu, akafa humo. Choo cha namna hii hakitumii mfuniko, kwa sababu hewa lazima ipite.

3. Kinyesi cha mtoto mchanga kitupwe chooni. Watu wengi hudhani kwamba hakina madhara. Kina bakteria kama cha mtu mzima.

4. Fukia au choma takataka mara mbili kwa wiki. Wakati wa joto, yai huweza kuwa nzi mzima kwa siku 7 hadi 10. Ukichelewa, funza huondoka jalalani na kujificha udongoni, na huko hugeuka nzi.

5. Funika chakula, maji na vyombo. Kawa, kitambaa safi au sahani nyingine yatosha. Uji au ugali uliolala upashwe moto mpaka uchemke kabla ya kuliwa.

6. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni, na kabla ya kupika, kula au kumlisha mtoto. Mikono nayo hubeba abiria kama miguu ya nzi.

Mtoto akiharisha, usimnyime maji wala titi la mama. Mpe dawa ya maji ya paketi itolewayo zahanati, kidogo kidogo na mara kwa mara. Ukiona damu katika kinyesi, au macho yamedidimia, au mtoto hawezi kunywa, mpeleke zahanati siku ile ile.

Wazee wetu wa Tanzania wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa kwa vikundi wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuishia kwenye maneno. Nasi tukimaliza kusoma ukurasa huu, tuinuke tukatazame vyoo vyetu na majiko yetu.

KUMBUKA

Nzi ana askari katika damu yake. Wanamlinda nzi, hawamlindi mtoto wako. Mlinzi wa mtoto wako ni wewe.

MANENO YA KUJIFUNZA

Bakteria: vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu.
Chembe: sehemu ndogo kabisa iliyo hai ya mwili.
Kinga: nguvu ya mwili ya kupigana na maradhi.
Kuvu: ukungu, kitu hai kinachoota juu ya vitu vibichi na hata juu ya wadudu.
Kawa: kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukindu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA DARASA

1. Wekundu unaoonekana nzi akipondwa ni kitu gani?
2. Askari wa nzi hufanya mambo gani matatu wanapokutana na bakteria?
3. Bakteria wakiwa wengi sana, askari hufanyaje?
4. Kwa nini bakteria walio miguuni mwa nzi hawauawi na askari wake?
5. Jirani yako akisema, "Nzi hana madhara kwa kuwa yeye mwenyewe haugui," utamjibu nini?
6. Katika kitongoji chenu, nzi huzaliwa wapi zaidi? Mtafanya nini wiki hii ili kupaondoa mahali hapo?